Kimraba Cheusi: Kwa Nini Dwarf Fortress Ndilo Gemu la Kuchimba Linalonitisha Kuliko Yote

Tazameni hiki kimraba. Hapa, ninapozungusha kipanya. Cheusi tii. Pembeni yake amesimama kibete wangu ameshika sururu, tabaka tisini chini ya ardhi, ananisubiri mimi. Gemu nimelisimamisha. Nikibonyeza spesi, anachimba. Nyuma ya huo weusi kuna nini, sijui. Nimekaa hivi dakika kumi kabla ya kuwasha kamera, viganja vimelowa jasho, na nawaambia kwa moyo wangu wote: hakuna gemu lililowahi kunitisha kama hili, na halina hata zimwi moja la kukurukia usoni likipiga kelele.

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo ni Dwarf Fortress. Najua wengi mlitaka niendelee na Lethal Company, komenti zenu nimezisoma zote, na tutarudi huko. Lakini kuna mtazamaji aliniuliza: kaka, gemu gani la kuchimba chini ya ardhi linatisha kweli, halihitaji kompyuta ya bei kali, na linachezeka hata bando likiisha? Basi jibu lako hili hapa, ndugu yangu.

Historia nitapita haraka. Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, walianza kulitengeneza mwaka 2002, wakalitoa bure 2006, wakaishi miaka mingi kwa michango ya wachezaji. Mwaka 2012 jumba la sanaa la MoMA kule New York likaliweka kwenye hazina yake, pamoja na Tetris na Pac-Man. Desemba 2022 likaingia Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, safari hii likiwa na picha badala ya herufi tupu. Unaanza na vibete saba na mkokoteni wa mizigo. Mnatoboa mlima, mnalima uyoga, mnatengeneza pombe, maana kibete asipopata pombe kazi haiendi, na wahamiaji wanaanza kuja. Hayo mengine mtajifunza wenyewe. Turudi kwenye kimraba.

Angalieni vizuri. Gemu hili unalitazama kutoka juu, tabaka moja kwa wakati. Nikizungusha gurudumu la kipanya nashuka: hili tabaka la udongo, mashamba yangu yale. Nashuka, vyumba vya kulala. Nashuka, karakana. Nashuka, nashuka, nashuka, mwamba mtupu. Kila jiwe ambalo hujalifikia ni jeusi, hivyo mlima mzima ni giza isipokuwa vijia ulivyochimba wewe. Halafu hawa vibete hauwaongozi mmoja mmoja. Unaweka alama tu: chimba hapa, chimba pale, kipaumbele kuanzia 1 hadi 7. Ukishaweka, anakwenda mchimbaji yeyote aliye karibu, mwenye jina lake, mke wake, rafiki zake. Wewe umekaa kwenye kiti, yeye ndiye anayeshuka.

Sasa naachia. Moja, mbili... umeona? Gemu limejisimamisha lenyewe na ujumbe umetokea. Maandishi ni ya Kiingereza, nawatafsiria: alama ya kuchimba imefutwa, jiwe lina unyevu. Hayo tu, maneno machache juu ya kioo. Lakini maana yake upande wa pili wa ukuta huu kuna maji. Pengine ni kijimkondo tu. Pengine ni ziwa zima la chini kwa chini, na nikilitoboa litapanda ngazi hadi chumba cha kulia. Na kuna ujumbe ndugu yake, unaosema jiwe lina joto. Huo ukiuona, ng'ambo ya pale kuna magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa moto. Mara ya kwanza kuuona niliinuka, nikatembea mle chumbani, nikarudi kukaa. Mtengenezaji gani mwingine anaweza kukutisha kwa kukuambia jiwe lina joto?

Ngoja niwaoneshe ile niliyoihifadhi jana, maana hapa ndipo penyewe. Ngome hii ina miaka minne, vibete sabini na kitu. Natoboa chini kutafuta chuma, tabaka baada ya tabaka, mara gemu linasimama na kamera inakimbia yenyewe hadi shimoni: umegundua pango kubwa chini ya ardhi. Tazama lilivyo! Miti ya uyoga mirefu, maji meusi, na giza linaendelea hadi nje ya ramani. Mapango ya aina hii yako matabaka matatu, moja chini ya jingine, na chini ya yote ni bahari ya magma. Kuna kitu kingine ambacho mara ya kwanza sikukiona kabisa. Ukishatoboa pango, mimea yake inaanza kuota ndani ya ngome yako. Angalia sakafu za udongo huku juu kabisa, zilikuwa tupu. Sasa kuna kuvu ya pangoni, kuna vijiuyoga. Hakuna anayekwambia. Unakuta tu kule chini kumepanda juu.

Na mnyama anakuja. Hawa gemu linawaita wanyama waliosahaulika, na linawabuni upya katika kila dunia, kwa hiyo wa kwangu hutamkuta kwako. Huyu alikuwa konokono mkubwa mno, mwenye macho matatu na manyoya ya zambarau, na maelezo yake yanamalizia kwa onyo: jihadhari na vumbi lake la sumu. Wengine wanaumbwa kwa theluji au matapishi, hao ngumi chache wamekwisha. Wengine ni wa shaba nyeusi, na huyo jeshi zima litamgonga mpaka lichoke. Wa kwangu alipuliza vumbi mara moja tu. Wachimbaji wawili walikuwa pale. Mlango wa mbao haukumzuia, anauvunja. Kinachomzuia ni ukuta, au daraja lililoinuliwa, nami nilikuwa na daraja lililounganishwa na wenzo kule chumba cha kulia. Nikatoa amri wenzo uvutwe. Sasa fikiria: amri nimeitoa, lakini lazima kibete fulani aache chakula chake, atembee, afike, avute. Namtazama anatembea. Yule mnyama naye anatembea. Na upande wa nje wa daraja yuko mchimbaji wa tatu, anakimbia kurudi.

Daraja likainuka. Yeye akabaki nje.

Nataka mnielewe hapa, maana watu wanadhani hili ni gemu la kujengajenga vyumba tu. Maiti ya yule mchimbaji ilibaki pangoni, sikuweza kuifuata. Na katika gemu hili mtu asiyezikwa hatulii. Baada ya muda mzimu wake ukatokea ngomeni, unapita kwenye kuta, unatisha watu, na mkewe akawa haishi kulia. Dawa yake ni kumchongea jiwe la kumbukumbu lenye jina lake na kulisimamisha mahali. Nililichonga. Nikaliweka mlangoni mwa ngazi ya kwenda chini, na mzimu ukaondoka. Sisi tuliokuzwa kuambiwa marehemu apewe haki yake ya mwisho, jambo hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Nilinyamaza muda mrefu pale.

Mtaniambia Minecraft nayo ina mapango. Ni kweli, na aliyeitunga Minecraft amesema mwenyewe kwamba Dwarf Fortress ilimpa mawazo. Ila kule ukifa unaamka kitandani. Deep Rock Galactic ya wale Wadenmark naipenda sana, nimewahi kuicheza na nyinyi hapa hapa, lakini mle una bunduki na wenzako watatu wanaimba, hofu itatoka wapi? RimWorld ndiyo mpinzani wa kweli. Inafundishika haraka, menyu zake zinaeleweka, na ukitaka kuongoza kundi la watu bila maumivu ya kichwa, anza nayo. Lakini RimWorld iko juu ya ardhi, tabaka moja. Haina chini. Na utisho wote ninaouzungumzia uko chini.

Sasa kama hujacheza na unataka kujigundulia mwenyewe, sogeza video mbele dakika mbili. Nahesabu... tatu, mbili, moja. Haya, mliobaki.

Kule chini kabisa, penye magma, kuna madini ya rangi ya bluu bahari yanayoitwa adamantini, yamesimama kama nguzo. Silaha yake ni kali kuliko zote, deraya yake nyepesi kama nguo, na kikombe kimoja tu ni mali. Kila mchezaji anaitaka. Nguzo zile kwa ndani zina uwazi, na uwazi huo unashuka hadi kuzimu. Ukichimba kiasi, unatajirika. Ukizidisha kimraba kimoja, gemu linaandika kwamba mayowe ya kutisha yanatoka gizani kule chini, na mapepo yanapanda kwa makumi. Hakuna alama inayokuonesha kimraba cha mwisho ni kipi. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: hakuna aliyekutuma. Chakula unacho, chuma unacho, watu wako wanakunywa wanaimba. Ni wewe uliyesema kimoja tena, kimoja tena. Ndugu zangu mnaoshuka maduara ya dhahabu Geita, au mliopita Mererani, mnaijua hiyo sauti kuliko mimi.

Na wao watanisahihisha kwa jambo moja: huku hakuna matimba, yale magogo ya kushikilia dari. Dari haianguki hata uchimbe ukumbi mpana kiasi gani, mradi kipande kimeshikana na mwamba mahali fulani. Ukikata kikabaki hewani, hapo ndipo kinashuka na kuua. Mimi ningependa mwamba uwe mgumu kuaminika zaidi, ingeongeza hofu.

Haya, kinachoniudhi. Menyu ya jeshi. Jamani! Kumpa askari mmoja ngao na kumpangia ratiba ya mazoezi nimepita madirisha sijui mangapi, na nusu ya kikosi bado kimekwenda vitani bila viatu. Kuna siku niliacha ngome nzuri kabisa kwa sababu ya hilo, nikalala na hasira. Pili, gemu linazidi kuwa zito kadiri ngome inavyozeeka. Kadi kubwa ya picha hailisaidii, linataka prosesa yenye kasi, kwa sababu kila kibete, kila paka, kila tone la maji linahesabiwa. Laptopu yangu ni ya kawaida, RAM giga nane, kwa hiyo naingia kwenye mipangilio, kikomo cha watu ambacho kwa kawaida ni 200 nakishusha hadi 80. Hapo linakwenda vizuri.

Mwanzoni mwa video nilitaka kuwaambia mnunue ya Steam, sababu ya picha. Lakini wiki hii nimerudi kuicheza ile ya zamani ya herufi, na nimeanza kubadilika. Kule mnyama aliyesahaulika haonekani hata kidogo. Ni herufi kubwa moja inayotembea gizani kuelekea kwa watu wako, maumbile yake unayasoma kwa maneno, kichwa chako ndicho kinachomchora. Na kichwa changu kinachora vibaya zaidi kuliko msanii yeyote. Kwa hofu, herufi zinashinda. Kwa kujifunza, picha za Steam zinashinda, hilo sibishi.

Bei: Steam ni dola 29.99, yaani zaidi ya elfu sabini kwa shilingi ya Tanzania, karibu elfu nne ya Kenya. Ni hela. Lakini ile ya herufi bado inatolewa bure kabisa kwenye tovuti yao ya Bay 12 Games, na faili lake ni dogo, halikuli bando. Ushauri wangu: anza na ya bure wiki mbili. Ukijikuta usiku unawaza mchimbaji wako amefika wapi, subiri punguzo la Steam, nunua, na hela yako inawafikia waliolitengeneza.

Taarifa ya chaneli: Jumamosi saa tatu usiku nitakuwa laivu, tunaanzisha ngome mpya pamoja, na vibete saba wa mwanzo nawapa majina ya wanachama saba wa kwanza watakaoandika kwenye komenti. Ila nawaonya mapema, kuna hali inaitwa hamu ya kishetani: kibete aliyekata tamaa anajifungia kwenye karakana, anamuua mwenzake, na anatengeneza kitu cha thamani kutokana na mwili wake. Kwa hiyo ukinipa jina lako, umelitoa. Nisije kulaumiwa.

Sasa hiki kimraba. Jiwe lina unyevu, tumeona. Chuma changu kimebaki vipande sita, na mshipa unaingia humu humu. Nimemjengea ukuta nyuma, upana wa kimraba kimoja, wenzo una mtu amesimama tayari, na huyu mchimbaji hana mke wala mtoto, kwa hilo nimempa yeye peke yake kazi ya kuchimba. Naweka alama upya. Kipaumbele 1. Kidole kiko kwenye spesi. Haya, shikeni viti vyenu, naachia.