Maganda ya moto renji: uvae ujikinge au uhamie kushoto?

Renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, bastola nyingi zinatema ganda la risasi kulia, kwa hiyo jamaa wa kushoto kwako akianza kufyatua, maganda ya moto yanakujia wewe.

Kujikinga kwa nguo ni rahisi, kapelo, miwani, tisheti ya shingo inayobana, ila kwa joto la Dar mwezi wa pili utaloa jasho hata magazini moja ya risasi hujamaliza. Kapelo lakini usiache, ndo inazuia ganda lisikwame kati ya miwani na nyusi, hapo ngozi inababuka kweli. Na dada zangu, blauzi ya shingo wazi hapana, likizama kifuani utacheza sindimba.

Mi naona dawa ni kuhama, kushoto kabisa hakuna wa kukutemea, mwambie msimamizi "kaka samahani, naomba nihamie pale mwisho", basi. Shida wikiendi pale panawahiwa.

Ila popote ulipo, ganda likiingia ndani ya shati acha liunguze kwanza, usigeuke na silaha mkononi, mdomo wake ubaki kwenye shabaha, kidole nje ya triga, iweke chini ndo ujikung'ute.