SHA kwa asiye na mshahara: inapofaa na inapokwama, Mombasa

Kujisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ni kazi ya dakika chache. Hesabu zaanza unapougua. Tangu ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kosa linaloponza wengi ni kudhani kwamba aliyesajiliwa ndiye aliyelipa.

Usajili wenyewe hauna neno. Piga *147# au ingia tovuti ya Afya Yangu, nambari ya kitambulisho mkononi. Ukikwama, nenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road. Kisha ongeza mke au mume na watoto, kila mmoja. Majina yakague herufi kwa herufi: mama aliye Mwanaisha kwenye kitambulisho na Mwanaesha kwenye cheti cha mtoto na arekebishe sasa, si siku mtoto ana homa.

Aliyesajiliwa tu, hajatoa hata senti, hutibiwa bure zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, kwa fedha za serikali. Malaria, kikohozi, kuendesha, anzia huko. Hapa ndipo SHA inapostahili sifa. Ila dirisha la dawa likiwa tupu utapewa karatasi ukanunue duka la nje, na hiyo itatoka mfukoni mwako.

Kuanzia ngazi ya 4 hadi Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, lazima uwe umechanga. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara: wa shilingi 20,000 ni 550 kwa mwezi. Mwenye mkokoteni wa maji au meza ya mahamri hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, basi 3,600 zote pamoja. Kwa mtu anayekula alichopata leo, huu ndio ubovu mkubwa wa mpango mzima. NHIF ilimtoza 500, lakini mwezi kwa mwezi. Sasa kuna Lipa SHA Pole Pole, anakopeshwa mchango akaurudisha kidogo kidogo. Afadhali, lakini ni deni.

Kiwango chako hutokana na maswali kuhusu nyumba: ukuta, paa, maji, choo, taa. Jibu kwa unavyoishi kweli. Tatizo ni kwamba mpangaji wa chumba kimoja Majengo, watu sita juu ya sakafu ya simiti na stima ya kugawana, huonekana ana hali nzuri kuliko mwenye shamba na nyumba ya udongo na makuti. Maswali huona saruji, hayaoni kodi ya nyumba. Ukiona kiwango kimekuzidi, omba kipitiwe upya kabla ya kulipa.

Wajawazito wawe macho zaidi. Kujifungua hulipwa na mfuko wa wachangiaji, hata ukizalia kituo cha afya cha ngazi ya 3. SHA hulipa 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi, salio ni lako, hivyo uliza bei kliniki ya kwanza. Ukingoja uchungu ndipo utafute pesa za mwaka, umechelewa.

Kulazwa nako SHA hulipa kwa kipimo: 3,360 kwa siku ngazi ya 4 na 3,920 ngazi ya 5. Upasuaji wa kupangwa huhitaji idhini kabla ya kisu, kwa hiyo fuatilia ofisi ya bima ya hospitali mwenyewe, usimwachie daktari.

La mwisho ni alama za vidole, ambazo mashine ya hospitali hukutambua kwazo. Fundi mwashi aliyeliwa vidole na saruji, au mzee, mashine yaweza kumkataa mara tatu nne. Mpelekeni akachukuliwe alama angali mzima, mikono imeoshwa na kukaushwa, na kama kidole kimoja kimekataa, ombeni kijaribiwe kingine.