"Kwani Mama Una Mtihani?": Uzoefu Wangu na Programu ya Neno la Kila Siku

Naipa nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande. Jina lao silitaji. Wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Mimi ni mshereheshaji. Sendofu, harusi, kipaimara, hata vikoba vikivunjwa mwisho wa mwaka naitwa. Kazi hii mtaji wake ni mdomo. Ukishika kipaza sauti ukarudia "wamependeza, hawajapendeza?" usiku kucha, ukumbi unakuchoka kabla pilau halijafika. Ndiyo maana nilijiunga. Unalipa kwa mwezi kwa simu, na kila asubuhi unaletewa maneno machache ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumeyaacha kwenye kamusi, kisha unapimwa kwa maneno ya juzi na ya wiki iliyopita.

Nao mwanzo ulikuwa mtamu, sitawanyima haki yao. Nilikuwa nafanya zoezi ndani ya daladala, konda akija kudai nauli ananikuta natikisa midomo peke yangu. Kwenye harusi moja Bagamoyo nikafungua shughuli kwa kuwakongowea wageni kwa taadhima na bashasha, na mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akapiga meza: "Naam! Hayo ndiyo maneno!" Usiku ule nilitunzwa vizuri. Ningeandika siku hiyo, mngesoma nyota tano.

Halafu transfoma ya mtaani kwetu ikaungua. Mtaa mzima giza, simu imezima, na fundi wa kuja kesho haji kesho. Umeme uliporudi nikafungua programu, nikakuta kikatuni kinalia machozi: "Mfululizo wako umekatika. Anza upya!" Hilo la mfululizo, yaani hesabu ya siku nilizofanya zoezi bila kuruka, ningelimeza. Kilichonipandisha mori ni kwamba maneno yangu yote, ya miezi, yalikuwa yamerudishwa siku ya kwanza. Naulizwa kama nalijua neno "kuntu", mimi ambaye nalitumia kila Jumamosi! Chini yake kuna kitufe cha kijani: lipia kurejesha maendeleo yako. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Nikaona hapo wananivua.

Na wasiniambie ndivyo mfumo ulivyo, kwa sababu huo mfumo wa kupimwa tena na tena naujua. Msingi wake ni usahaulifu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Sebastian Leitner naye mwaka 1972 akaeleza njia ya kadi na visanduku: ukipatia, kadi inasogea kisanduku cha mbele na hukutani nayo tena mpaka baadaye sana. Ukikosea, inarudi cha kwanza. Inarudi kadi ile uliyoikosea, jamani. Hakuna mahali paliposemwa kwamba umeme ukikatika visanduku vyote vimwagwe chini. Aliyeweka sheria hiyo hakuwa anawaza kumbukumbu yangu, alikuwa anawaza mfuko wangu.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea kijana. Shikamoo hakuna, habari hakuna, "enhe?" basi. Nikamweleza taratibu kabisa: umeme, simu, maneno yangu. Akacheka. Halafu akaniuliza, "Kwani mama una mtihani?"

Nilinyamaza. Yeye akaendelea, "Wengine wanaanza upya tu, ni mazoezi," na simu ikakatwa.

Mpaka leo nikiwa naosha vyombo swali lile linanirudia. Kwani mama una mtihani! Yaani mtu mzima akishika daftari, lazima awe anarudia kidato cha nne. Ukishamaliza shule, maneno uliyotoka nayo yanakutosha mpaka kaburini. Haya ningeyasikia kwa jirani ningecheka nikapita. Lakini huyu analipwa mshahara na kampuni inayotuuzia watu wazima maneno! Mimi ndiye mteja waliyemtafuta kwa matangazo, na nikifika mlangoni wananishangaa nimefuata nini. Baada ya dakika chache ukaingia ujumbe: "Mpendwa mteja, tathmini huduma uliyopata." Nimetathmini. Ndiyo hii.

Sasa, anayeandika mifano yao simgusi. Neno haliji uchi. Linakuja na ngeli yake, na sentensi mbili ambazo mtu anaweza kuzisema kweli, moja ya nyumbani na nyingine ya mkutanoni. Nimeona programu nyingine ambazo sentensi zake huwezi kumtamkia hata mbuzi. Huyo mwandishi, popote alipo, angekuwa na duka lake ningehamia kesho. Kwa ajili yake nafika nyota mbili. Hapana, moja na nusu. Nikikumbuka kile kicheko narudi moja.

Siku hizi nimenunua manila, nimekata kadi, na maboksi ya viatu ninayo. Asubuhi, chai ikiwa inachemka, nachomoa maneno matatu manne kutoka kwenye kamusi, naandika neno mbele, nyuma sentensi yangu mwenyewe, ya ukumbini, maana hiyo ndiyo nitakayoisema. Jioni napitia za nyuma. Hata giza likiwa totoro, kadi zangu zinakaa palepale nilipoziacha.

Mtaniuliza kama nimeifuta ile programu. Bado. Mwezi nilioulipia haujaisha, na kila asubuhi nafungua, nanakili maneno yao mapya kwenye kadi zangu, nafunga. Anayetaka kujiunga ajiunge kwa mwezi mmoja, anakili kila kitu kwa mkono tangu siku ya kwanza, na asipige simu. Kile kitufe cha kijani mimi sijakibonyeza na sikibonyezi.