Programu ya mandhari inayokufa ikifika majini: uzoefu wangu hapa Kigoma

Nina hasira na programu hii ya kuchora mandhari kwa kompyuta, na nalisema hilo mwanzoni. Milima inaitoa vizuri, mawingu vizuri, miti vizuri. Ikifika kwenye maji inajifunga. Kigae (kipande kimoja cha picha) cha kwanza kinachogusa ziwa, dirisha linaganda, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi, kisha programu haipo na kazi yote ya usiku haipo. Kwa anayechora Ziwa Tanganyika maji si pambo la pembeni, ndiyo kazi yenyewe. Jina silitaji; aliyeilipia leseni ataitambua kwa dalili hizi.

Kilichonichemsha zaidi ni wakala wao wa Dar. Nilimpigia nikiwa na logi, yaani kumbukumbu ya hitilafu, mkononi. "Kaka, huko Kigoma umeme wenu ndio tatizo, halafu hiyo mashine yako imechoka. Nunua kadi kubwa." Akakata simu kabla sijamsomea hata mstari mmoja.

Umeme wa huku unakatika, nani asiyejua? Lakini mashine ikizimika kwa umeme, ikiwaka tena Windows huandika kwenye Event Viewer, daftari lake la matukio, tukio namba 41 la Kernel-Power. Langu lilikuwa namba 4101 la Display: draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya grafiksi, iliacha kujibu, ikaamshwa upya. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtu anayeuza programu ya kurenda, yaani kugeuza mandhari kuwa picha, anapaswa kuvijua kabla ya kuitukana Kigoma. Hata joto lina dalili zake: mashine inazimika ghafla yote, mara nyingi katikati ya kazi ndefu, bila kujali kama picha ina maji au haina. Hii ilikuwa inakufa palepale kila mara, kwenye ukingo wa maji.

Maana ya 4101 ni hii. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu kazi iliyopewa. Zikipita bila jibu, huichukulia kuwa imekwama na kuiamsha upya, na programu iliyokuwa ikiitegemea inakufa hapohapo. Muda huo unaweza kuongezwa: fungua regedit, kihariri cha mipangilio ya Windows, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\GraphicsDrivers, tengeneza thamani ya DWORD ya biti 32 iitwayo TdrDelay, andika 30, zima na uwashe mashine. Hakikisha umechagua Decimal, kwa sababu ukiacha Hexadecimal ile 30 inasomwa sekunde 48. Mafundi wengi wanaishia hapo na kusema imepona. Haijapona. Imepewa tu nafasi ya kukwama kwa muda mrefu zaidi, na kwa ziwa hili hata sekunde 30 zinaisha.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye miale ya mwanga ambayo programu huifuatilia kutoka kwenye kamera. Mwale ukigusa maji hugawanyika: mmoja unaakisiwa kwenda juu, mwingine unapinda na kuzama. Tawi lolote likigusa maji tena linagawanyika tena. Programu inakuja ikiwa na kina cha miale 12, yaani kugawanyika mara 12 mfululizo, maana yake mwale mmoja wa kamera unaweza kuzaa hadi matawi 4,096. Ukishusha hadi 6 yanabaki 64. Katika mandhari ya kawaida haufiki huko, kwa kuwa mwale hupiga mchanga au hukimbilia angani ukaishia huko. Ukiona kadi inazidiwa kwenye maji tu, ujue kuna kitu kinachoirudisha miale majini tena na tena.

Kitu hicho ni ardhi. Wengi wetu tunachukua mwinuko kutoka data za SRTM, vipimo vya rada vya mwinuko wa ardhi, zilizopimwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, zenye hatua ya mita 30 hivi. Rada haikupenya maji. Kwa hiyo ziwa lenye kina cha mita 1,470 limo humo likiwa bapa kabisa, kwenye kimo cha uso wa maji, kutoka Bangwe hapa Kigoma hadi ng'ambo ya Congo. Uso huo uko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Wewe nawe, kwa uangalifu wako wote, unasoma kimo kilekile kwenye data na kuweka maji hapohapo. Sasa nyuso mbili zimelaliana, hakuna nafasi hata ya unywele. Mwale unaingia majini, unakuta ardhi kwa umbali wa sifuri, unarudi, unakuta maji kwa umbali wa sifuri, unagawanyika, unarudi tena. Kigae kizima kinazunguka hivyo mpaka Windows inapoteza subira.

Kuna la pili, na hili linatuumiza sana sisi wa kusini ya ikweta. Namba za biti 32 ambazo kadi inazitumia hubeba tarakimu saba hivi za kuaminika. Kwenye UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, zoni ya 35 Kusini, namba ya kaskazini ya Kigoma mjini ni 9,460,000 hivi, kwa kuwa huku hesabu huanza na 10,000,000 kwenye ikweta na kushuka. Kwa namba kubwa kiasi hicho, hatua ndogo kabisa inayowezekana ni mita 1 nzima. Wimbi la sentimita 20 litachorwaje hapo? Mahali mwale ulipogonga panayumba, na mwale unagonga tena uso uleule ulikotoka. Mfano wa maji unaokuja na programu haufi kwa sababu umepangwa kwenye sifuri. Wakala anaufungua, unapita, anakwambia mashine yako imechoka.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio moja. Pandisha uso wa maji kwa mita 5, usibadilishe kingine, renda picha ndogo ya upana wa pikseli 400. Kibirizi ya ufukweni itazama na sehemu ya Ujiji pia, haidhuru. Ikipita, kadi yako ni nzima na tatizo ni nyuso kulaliana. Ikifa bado, ondoa ardhi yote ubaki na maji peke yake. Ikifa hata hapo, ndipo utazame draiva na kumbukumbu ya kadi.

Tiba ya kudumu inaanzia kwenye namba za mahali. Toa 9,460,000 kwenye kaskazini na 790,000 kwenye mashariki kwa kila tabaka: ardhi, miti, nyumba, kamera. Ukisahau tabaka moja litakwenda kukaa mamilioni ya mita mbali na utadhani limefutika. Kisha lichimbe ziwa. Kwenye QGIS, programu ya ramani, tenga seli (miraba ya data) zote zenye kimo cha ziwa, tumia zana ya Proximity kupata umbali wa kila seli kutoka nchi kavu, zidisha kwa 0.3, weka kikomo cha mita 60, kisha toa matokeo hayo kwenye mwinuko. Usishushe ziwa lote kwa mita 40 kwa mkupuo, utapata ukuta wima chini ya maji mita chache kutoka ufukweni, na maji ya Tanganyika ni maangavu, ukuta utaonekana. Zaidi ya mita 60 hakuna faida ya kuchimba. Rangi nyekundu humezwa na maji katika mita chache za mwanzo, na chini zaidi bluu ndiyo inayotawala. Mwisho, uso wa maji usiukate sawasawa na ufukwe. Upitishe mita 50 ndani ya nchi kavu, chini ya udongo, ili ukingo wake usionekane na mwale wowote.

Mawimbi ya kweli, yale yanayoinua uso, yanakula kumbukumbu vibaya. Kilomita 1 ya mraba ikigawanywa kwa sentimita 10 ni miraba milioni 100, yaani pembetatu milioni 200. Namba za mahali na za viungo tu zinafika gigabaiti 3.6, na kadi ya gigabaiti 4 imeishia hapo kabla haijaanza kurenda. Weka mawimbi ya kweli hadi mita 80 kutoka kwenye kamera, kwingine tumia ramani ya matuta, picha inayoyaigiza bila kuinua uso. Maji ya mbali yazimie kabisa kupinda kwa mwanga. Ukitazama maji wima yanaakisi asilimia 2 tu, lakini ukiwa umesimama ufukweni ukitazama kuelekea Congo karibu mwanga wote ni wa kuakisiwa. Mandhari ya usiku yenye taa za wavuvi wa dagaa, taa za mbali zifanye nukta zinazong'aa, zisiwe vyanzo vya mwanga.

Na kwa kuwa programu haihifadhi vigae vilivyokamilika (hili nalo silisamehe), renda kwa vipande vya mlalo: anga na milima kimoja, maji viwili au vitatu, vyenye kupishana pikseli 20, kisha uviunge kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Zima mwangaza wa kujirekebisha kabla ya kuanza, la sivyo kila kipande kitatoka na mwanga wake. Namba ya nasibu, ile inayopanga mawimbi, iwe ileile kwenye vipande vyote, mawimbi yasije yakaruka kwenye maungio.

Nilikuwa nimeazimia kuipa nyota moja. Lakini baada ya tiba hiyo maji yalitoka, na lazima niseme ukweli: ni mazuri mno. Ile bluu inayokolea taratibu kutoka mchangani, jua linaloshuka nyuma ya milima ya Congo na mstari wake wa dhahabu unaokatikakatika juu ya mawimbi, sijaona programu nyingine ya bei hii inayoyatoa hivyo. Nyota nne, nikasema. Kisha nikaituma tiba yote kwa wakala, hatua kwa hatua, ili mteja mwingine wa Kigoma, Bukoba au Musoma asihangaike. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: nikitaka msaada zaidi ninunue leseni ya daraja la juu.

Kukagua kama nyuso mbili zimelaliana ni kazi ya sekunde chache kabla ya kurenda. Kumwonya mtumiaji kwamba namba zake za mahali ni kubwa mno ni ujumbe mmoja. Wameshindwa hayo, wakamwachia wakala awaambie watu umeme wao ni mbovu. Nyota mbili, na zote ni za maji. Leseni ikiisha siihuishi mpaka toleo lenye ukaguzi huo litoke.