Simu hii inafanya kila kitu isipokuwa kulipa

Sitaandika habari za kioo, RAM wala kamera ina megapikseli ngapi. Hayo yapo kwenye boksi, na kila kijana anayeuza simu Mtaa wa Aggrey anayo kichwani. Mimi nina neno na kisanduku kimoja kidogo, kile kinachotokea ukibonyeza nyota, namba zako, reli, halafu ukapiga. Kisanduku cha menyu ya pesa. Tangu simu hii ilipopokea apdeti kubwa, kisanduku hicho kinatokea vizuri tu, kinakuuliza unataka nini, na ukigusa pale pa kuandika kibodi inapanda, kisanduku kinatoweka. Unabaki unatazamana na picha ya wanao kwenye skrini.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba hakifanyi hivyo kila mara. Kuna wakati kinakuvumilia: unachagua kulipa, kinakubali, unaweka lipa namba, kinakubali, unaandika kiasi, kinakubali. Kikifika kwenye namba ya siri, hapo ndipo kinapoondoka. Na menyu ile si kama meseji ambayo utaikuta imekaa inakungoja. Ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu na mtambo wa mtandao. Kisanduku kikifunga, mazungumzo yamekatika, unaanza upya kwenye nyota.

Kampuni siitaji. Wenye simu hii watajijua.

Nauza spea za pikipiki Mbagala, na mzigo nauchukua Kariakoo kwa mzee mmoja ambaye tumefanya kazi muda mrefu. Siku yenyewe tairi zilikuwa zimeshafungwa kamba, cheni na pedi za breki ziko kwenye kiroba, jamaa wa guta ameshageuza guta lake katikati ya barabara na wenye magari wanampigia honi. Nikatoa simu nilipe. Kisanduku kikatokea, kikatoweka. Nikarudia. Kikanipeleka mpaka kwenye namba ya siri, kikatoweka. Nikazima simu nikawasha, huku nyuma yangu kuna mama amebeba vikapu anauliza kama nimemaliza nimpishe.

Mzee akavua miwani. "Kijana wangu, kama hela haijakaa sawa sema tu. Mzigo hauozi."

"Hela ipo, mzee wangu. Simu ndiyo inagoma."

"Simu za siku hizi zote zinagoma saa ya kulipa. Saa ya kupokea sijaona iliyogoma."

Watu wakacheka, na yule mama mwenye vikapu ndiye aliyecheka zaidi. Mimi sikucheka. Nikasema basi niende kwa wakala nikatoe taslimu. Hamadi! Kutoa kwa wakala nako unapitia menyu ileile. Hela yangu ninaiona kwenye meseji ya salio, na hakuna mlango wa kuifikia.

Aliyeniokoa ni dogo anayeuza vocha pale nje. Alitoa laini yangu kwa pini ya kilemba aliyoiazima kwa dada wa jirani, akaipachika kwenye kile kifremu cha plastiki cha kukuzia laini, akaitia kwenye kiswaswadu chake kilichofungwa kwa raba bendi. Nyota, namba, reli. Menyu ikafunguka mpaka mwisho bila kusitasita. Nikaandika namba yangu ya siri kwenye simu ya mtu nisiyemjua, nimeikinga kwa kiganja, mbele ya wafanyabiashara wanaonijua kama mtu mwenye simu ya gharama.

Sasa ngoja niwe mkweli. Simu yenyewe si mbaya. Apdeti imeipa betri uhai zaidi, hilo nimeliona. Zamani saa kumi jioni nilikuwa natafuta chaji, sasa inanifikisha usiku. Picha za spea ninazowatumia mafundi kwenye WhatsApp zinatoka safi hadi namba ndogo iliyochongwa kwenye bearing inasomeka. Kama ungeniuliza siku hiyo asubuhi ningekwambia inunue. Lakini simu ya mfanyabiashara isiyoweza kulipa, betri yake ikikaa siku nzima inakaa kwa faida ya nani?

Na tuelewane: mimi sikujiunga na majaribio yoyote. Wapo wanaojiunga. Kampuni hutoa toleo la beta, wanaopenda mambo mapya wanalipakua kwa hiari, wanajua litakwama hapa na pale, wanaripoti. Hao siwaonei huruma, wamejitakia na wanafurahia. Mimi ujumbe ulionijia uliniambia hili ni toleo imara, tena lina viraka vya usalama. Nikanunua bando la usiku kwa hela yangu mwenyewe, likala zaidi ya GB 2, nikalala. Nimeamka nina beta yenye jina la heshima.

Nimefikiria sana inawezekanaje kitu kikubwa namna hii kipite macho ya wahandisi wote hao. Jibu langu ni kwamba hawakulala kazini. Waliojaribu hawaishi kama sisi. Tazama majaribio yenyewe yanafanyika wapi. Samsung, ambao simu yangu si yao, beta za One UI, mfumo wa simu zao, wamekuwa wakizifungua kwa nchi chache: Korea Kusini, Marekani, Uingereza, Ujerumani, Poland, India. Beta za Android zenyewe kwanza zinakwenda kwenye Pixel, simu ambayo Google haiuzi rasmi hapa kwetu. Mtu wa Seoul au Berlin analipia tairi kwa nyota na reli? Atajaribu kamera, atajaribu gemu, atajaribu kulipa kwa kugusisha kadi. Kisanduku chetu atakigusa pengine siku anaangalia salio, na salio halihitaji kuandika chochote. Kwa hiyo kitu ambacho mimi nakitumia kuanzia asubuhi hadi ninafunga duka, kwenye meza ya majaribio hakina mwenyewe. Anayekijaribu ni mimi, pale Kariakoo, mbele ya mzee.

Nikaenda kituo cha huduma. Kiyoyozi, viti laini, namba ya foleni. Kijana wa kaunta, kitambulisho shingoni, hakuishika hata simu. "Hilo ni tatizo la mtandao, kaka. Nenda kwa watu wa laini." Nikaenda kwa watu wa laini. Dada mmoja mstaarabu akaitia laini yangu kwenye simu yake, akanipa niandike mwenyewe, menyu ikaenda mpaka mwisho. "Laini yako nzima, kaka yangu. Ni simu." Nikarudi, nikachukua namba nyingine ya foleni. Kijana yuleyule. Sasa akasema tuirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Tukairudisha. Jioni nzima nikaimaliza kurudisha namba za mafundi na kuomba upya nywila za kila programu, nikabonyeza nyota na reli, kisanduku kikatoweka vilevile.

Nikarudi tena. Nikamwomba basi anirudishie toleo la zamani. Akasema haiwezekani, na hapo, nikiri, alisema kweli. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 simu nyingi zimejengwa na nafasi mbili za mfumo. Toleo jipya linasakinishwa upande mmoja, la zamani linabaki upande wa pili, ili jipya likishindwa kuwaka simu irudi yenyewe kwenye la zamani. Wazo zuri sana. Ila langu liliwaka. Simu ikishawaka, kwake yeye mambo ni shwari. Haina habari na kisanduku. Na Android 8 ikaja na kinga ya kuzuia simu isirudishwe nyuma, ili mwizi au mdukuzi asiingize toleo bovu lenye mianya ya zamani. Nayo ina maana yake, siipingi. Lakini matokeo yake mlango umefungwa kwa nje, na mwenye ufunguo yuko mbali na hapokei simu.

Ningeondoka kwa amani hapo. Yule kijana ndiye hakutaka niondoke kwa amani. Akamtazama mwenzake, akatabasamu, akaniambia: "Kwani kaka, siku hizi nani bado anabonyeza nyota na reli? Si uweke app tu."

Nani bado. Mdogo wangu, nenda kasimame Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni uangalie watu wanabonyeza nini. Mama anayeuza samaki, bodaboda anayerudisha hesabu kwa bosi wake, mafundi wangu wote, wakala aliye mlangoni mwa hicho kituo chenu. Programu naijua, ninayo, na siku ina bando na intaneti imeamka ni nzuri tu. Ila lile duka la mzee liko ndani, nyuma ya maduka mengine, mtandao wa intaneti unafika umechoka. Nyota na reli haitaki bando, haitaki kujiapdeti, haikuulizi nywila ya barua pepe. Ndiyo iliyotufikisha hapa kwenye biashara ya simu mkononi. Na wewe unakula mshahara wa kuuza simu kwenye nchi hiyohiyo.

Halafu kuna kitu kinanikera nikikikumbuka. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia, tuliambiwa tuachane na makorokoro, tununue simu halisi zenye namba zinazotambulika. Wengi wetu tulitupa, tukanunua. Yangu ni halisi, nimeihakiki, risiti ninayo. Ile ya kichina niliyoizimiwa ilikuwa na spika inayokoroma na kamera ya kubahatisha, lakini namba ya siri ilikuwa inapokea.

Msiniambie makosa kama haya hayazuiliki au hayarekebishiki haraka. Septemba 2014 Apple walitoa iOS 8.0.1, apdeti ya mfumo wa iPhone, watu wenye iPhone 6 wakajikuta hawana mtandao wa simu na alama za vidole hazifanyi kazi. Waliiondoa siku hiyohiyo, wakaeleza jinsi ya kurudi kwenye toleo lililotangulia, kesho yake wakaleta 8.0.2. Sisemi Apple ni malaika. Ni haohao Ufaransa iliowatoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaambia wateja kwamba apdeti inaweza kupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka. Lakini siku ile ya 2014 walijua wameharibu wakakimbia. Wangu mimi walinijibu kwa barua pepe kwamba wanathamini maoni yangu.

Aliyepata dawa ni dogo wa vocha. Siku moja aliniona nahangaika, akasema, "Bosi, ilaze." Ukiilaza simu kwa upande, kama unaangalia mpira, kibodi inakuja imejibana chini na kisanduku kinabaki. Sijui aligunduaje. Wahandisi wa kampuni, kituo chenye viyoyozi, mtu wa barua pepe, wote wameshindwa na mtoto mwenye mwavuli na kiti cha plastiki. Nikawa nalipa simu imelala, namba ya siri imetanda skrini nzima kwa yeyote aliye begani mwangu.

Baadaye kikaja kiraka. Kidogo, hata bando hakikulitikisa. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: maboresho ya uthabiti wa mfumo. Neno la kisanduku halimo, neno la samahani ndiyo kabisa. Nikasakinisha nikiwa nimekunja uso. Nyota, namba, reli, kiasi, namba ya siri. Ikaenda, simu ikiwa wima. Nikarudia kwa kumtumia mke wangu elfu moja asiyoihitaji. Ikaenda. Nikamlipa mzee wa Kariakoo pale pale dukani, akatazama meseji, akasema, "Leo imekubali?" Nikasema imekubali, mzee. Akanipunguzia bei ya cheni moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kwa hiyo nikalainika. Nilikaa nikaandika tathmini nyingine kabisa, ya nyota tatu, nikasifu betri, nikasifu picha, nikasema simu inafaa ila apdeti kubwa zipe muda kwanza, wacha wenzako watangulie. Nikaandika hata kwamba vijana wa kituo cha huduma wana kazi ngumu.

Juzi juzi nikapita kituoni kuchukua chaja niliyoisahau. Kijana yuleyule, kitambulisho shingoni. Akanikumbuka. "Vipi kaka, bado inasumbua?" Nikamwambia hapana, kimekuja kiraka imepona. Akamgeukia mwenzake, akapiga kaunta kwa kiganja: "Si unaona! Nilimwambia ni mtandao."

Nyota moja.