Nilivyosoma bila mtihani mbele yangu: Sauti ya Dhiki, Peponi, Bwana Msa na wengineo

Waliosoma Kiswahili sekondari hapa Tanzania wanaujua utaratibu wenyewe. Unapewa riwaya, na kabla hujafika mbali unatakiwa uorodheshe dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Mwisho unanunua kitabu cha uhakiki, unakariri hoja, riwaya yenyewe inabaki kwenye begi. Ndiyo maana wengi wetu tukimaliza shule hatugusi tena fasihi ya lugha yetu. Miezi ya karibuni nimerudi kwenye vitabu hivi kwa hiari yangu, nikichanganya ushairi, riwaya, upelelezi na wasifu. Sitavipa nafasi sawa, maana havikunigusa sawa.

Kilichonishika kuliko vyote ni diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki. Kisa chake kinajulikana. Kijana wa Mombasa, mwaka 1968, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? kuikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa uchochezi, akatoka 1972. Mashairi aliyaandika humo humo gerezani, kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa kitabu mwaka 1973, na mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inanisimamisha.

Kwa jina lile nilitegemea kusikia kilio. Nikakuta mtu anayebishana. Katika "Siwati" anasema waziwazi kwamba alichokishika hakiachi, wamfanye watakavyo. Katika "Mamba" anamsemesha mnyama anayejiona hana mbabe mtoni, anamkumbusha kwamba siku yake nayo ipo. Katika "Kuno Kunyamaza" anatuonya tusidhani kimya chake ni kushindwa. Hakuna anapoomba kuhurumiwa. Hata "Jipu", shairi la mtu anayeteswa na jipu lisilompa raha, lina subira ya mtu anayejua kwamba kila jipu huiva. Na lipo "Usiniuwe", sauti ya mimba ikimsihi mama asiitoe. Sikutegemea kukuta shairi la namna hiyo katika kitabu cha mfungwa wa kisiasa, na baada ya kulisoma sikuendelea na lingine usiku ule.

Lakini shairi ninalolirudia ni "Mnazi: Vuta N'kuvute". Ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi, mmoja yuko juu na mwingine chini, wanajibizana. Ukilisoma peke yako kimya kimya utaiona siasa haraka sana: nani kaukalia urithi wa wote, nani kaachwa ardhini anatazama. Mimi nilimwomba dada yangu tulisome kwa sauti, yeye awe wa chini na mimi wa juu. Dada hana mazoea na ushairi kabisa. Beti za mwanzo alisoma polepole, akihesabu mizani kwa kidole mezani. Tulipofika katikati kidole kikaacha kuhesabu, sauti ikapanda, akawa ananitazama usoni badala ya kutazama kitabu, kisha anakimbiza macho kutafuta mstari. Ubeti wangu ulipofika hakutaka kuniachia zamu. Tulipomaliza tukakaa tunabishana nani mwenye haki, na hoja alizozitoa zilikuwa zake, hazimo kitabuni. Mwalimu angetuuliza dhamira tungemjibu kwa dakika moja, lakini ugomvi ule tusingeuonja.

Lugha yake ni Kimvita hasa, lahaja ya Mombasa. Sisi tuliokulia Kiswahili cha bara tutakwama hapa na pale. Ushauri wangu: usikimbilie maelezo ya maneno kila unapokwama. Soma ubeti mzima kwanza, tena kwa sauti, maana mara nyingi vina na mwendo vyenyewe vitakupeleka kwenye maana, kisha ndipo uhakikishe. Kingine, usikisome chote kwa mkupuo. Mashairi mawili kwa siku yanatosha.

Kutoka hapo niliingia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka 1994 na iliingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka ule. Tafsiri hii ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Gurnah kupewa Nobel ya Fasihi ya 2021. Yusuf ana miaka 12. Mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye mtoto kazoeshwa kumwona kama mtu wa ukoo, anafika nyumbani kwao, anakula, anampa mtoto sarafu, na safari hii anaondoka naye. Baba ana deni, na mtoto ndiye rehani. Yusuf mwenyewe haelewi mpaka afike dukani pwani, ambako Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa rehani, anamweleza ukweli bila kumpamba.

Nilisoma sehemu ile ya dukani nikiwa kwenye daladala na nikapitiliza kituo. Khalil ni mcheshi, ana mdomo, anawatania wateja kutwa, na chini ya maneno yote hayo kuna jeraha ambalo mwandishi hakuonyeshi mpaka wakati wake. Mazungumzo yanakwenda kama yalivyo maongezi ya watu wa pwani, na hapo ndipo naipongeza kazi ya mtafsiri. Kuna kurasa nilisahau kabisa kwamba kitabu kiliandikwa kwanza kwa lugha nyingine.

Nitakayemkumbuka zaidi ni Mzee Hamdani, mtumwa anayeitunza bustani ya tajiri. Bibi mwenye nyumba aliwahi kutaka kumpa uhuru wake, akakataa. Sababu yake: nani alimwambia bibi yule kwamba uhuru ni mali yake hata aweze kuugawa? Mzee anatoa maelezo hayo kwa utulivu kisha anarudi kwenye miti yake. Ningekuwa darasani ningepigia mstari na kuandika pembeni "ujumbe". Safari hii nilibaki nayo, na kadiri siku zinavyokwenda nazidi kutomwelewa mzee yule. Je, alikuwa huru kuliko wote mle ndani, au maneno yake ni namna ya kuvumilia? Kitabu hakijibu, na nimeridhika kisijibu.

Msafara wa kwenda bara ni mrefu. Kuna magonjwa, hongo, uchovu, mtawala Chatu anayewapora mali, na Wajerumani wanaozidi kutajwa kila wanakopita. Katikati ya safari nilichoka kidogo, nakiri, lakini mazungumzo ya jioni yalinirudisha, hasa anapokuwepo Kalasinga, fundi wa Kisingasinga anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na rafiki zake Waislamu wanavyomkatalia. Mwisho unakuja ghafla. Sitausema. Niseme tu kwamba niligeuza ukurasa nikidhani kuna mwingine.

Baada ya vitabu hivyo viwili nilihitaji kupumzika, nikamchukua Bwana Msa, mpelelezi wa riwayani. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa 1960. Mwandishi alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi Idara ya Afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Hilo la Idara ya Afya nadhani linaonekana: jicho lake ni la mtu aliyezoea kuingia nyumba za watu na kutazama pembeni.

Mtu kauawa, maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo wenyeji hawapasogelei hovyo. Polisi wana yao, mtaa una yake. Bwana Msa si askari. Ni mtu wa kiko, anakaa na swahiba wake Najum, anawaacha wengine wamalize maneno yao yote, halafu anauliza jambo dogo ambalo kila mtu kalipuuza. Watu humlinganisha na Sherlock Holmes, na kiko kile kinawapa haki, lakini maarifa yake ni ya Kiunguja: anajua nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa wapi, kwa nini nyumba fulani haisalimiani na nyumba fulani. Siri za vitabu vyake nyingi zimo kwenye nasaba. Kwa hiyo usisome ukitafuta alama za vidole. Sikiliza wanavyoitana.

Kasoro yake ni mwishoni, pale ufafanuzi unapotolewa wote kwa pamoja mpaka unachosha. Wasomaji wa riwaya za upelelezi za siku hizi watataka mambo yaende haraka. Mimi sikujali sana, kwa sababu Kiswahili cha mle ndani ni kitamu mno, watu wanasemana kwa mafumbo na heshima zao zote. Nakala yangu ilikuwa ya mitumba, kurasa kadhaa zimechanwa, tena katikati ya mahojiano, ikabidi niazime nyingine. Mkinunua vitabu vya barabarani vikagueni kwanza, ukurasa kwa ukurasa, hasa vya upelelezi.

Vuta n'kuvute, riwaya ya Adam Shafi (1999), nitaipitia kwa ufupi kwa sababu wengi mmeisoma kidato cha tano na sita, na wengine mmeona filamu ya Amil Shivji ya 2021. Shuleni tulifundishwa kwamba shujaa ni Denge, mwanaharakati anayepambana na ukoloni wa Mwingereza Unguja. Nimeisoma upya na kwangu kitabu ni cha Yasmin na Mwajuma. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka anayemzidi umri kupita kiasi, anatoroka ndoa ile, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma huko Ng'ambo, katika chumba chake kidogo. Mwajuma hana kitu, hana elimu ya siasa, na hamuulizi mgeni maswali. Anampa pa kulala, anamfundisha kuishi. Kila Denge anapoingia na vikaratasi vyake napata hamasa, ndiyo, lakini kila Mwajuma anapofungua mlango naona kwa macho yangu ubaguzi wa mitaa ya mji ule ukivunjwa, bila hotuba. Kama uliisoma kwa ajili ya mtihani tu, irudie.

Kilichonikatisha tamaa kidogo ni Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ulioandikwa na Shaaban Robert. Nasema kidogo, kwa sababu nathari ya Shaaban Robert haina mpinzani na heshima anayompa Siti inagusa. Alionana naye mwaka 1950, mwaka ule ule aliofariki. Anamwonyesha msichana wa Fumba, kutoka familia ya wafinyanzi, anayekuja mjini na sauti tu, na anayesimangwa kwa ufukara wake na wasiopenda kumwona akipanda. Jibu lake kwa wale waliomcheka, kwamba uzuri wa sura si hoja na hasara ya mtu ni kukosa akili, linaimbwa mpaka leo.

Lakini mwandishi anapenda mno kutoa mawaidha. Siti anakuwa mfano wa tabia njema ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nilitaka kumsikia. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, mwanamke wa Unguja aliyezaliwa katika ufukara, na sahani zile zikasambaa pwani yote. Nilitaka safari ile kwa kirefu, nilitaka mazoezi ya usiku na wapigaji wake, nilitaka kujua walivyotunga "Kijiti", wimbo wa mwanamke aliyeuawa na haki yake ikapotea mahakamani. Nilijisaidia kwa kutafuta rekodi zake na kusoma huku zikilia. Sauti ina mikwaruzo ya santuri, ila ukizoea unaelewa kwa nini watu walivuka bahari kumsikiliza. Soma kitabu hiki, lakini usikisome bila nyimbo.

Nagona ya Kezilahabi (1990) nimeisoma, ni nyembamba, na ilinishinda. Kuna ukimya mle, kuna wanafalsafa, kuna safari isiyofika, na kuna sentensi nzuri kupita maelezo. Aliyeandika Rosa Mistika, riwaya iliyonyooka kama barabara ya lami, ndiye huyu huyu. Naiweka karibu na kitanda, nitaifungua tena nikiwa na akili iliyotulia.

Kwa anayetaka kuanza: kama hujasoma kitabu cha Kiswahili tangu shule, anza na Bwana Msa. Ukiwa na mtu wa kusoma naye kwa sauti, anza na Abdilatif, tena na mnazi ule. Peponi itafute ukiwa na likizo. Mimi sasa hivi natafuta Kisima cha Giningi, kisa kingine cha Bwana Msa, cha 1968, na safari hii nataka nakala yenye kurasa zote.