Handaki la nyuklia nililouziwa Uyole

Nililipa milioni 3 na laki 8 mwezi wa kumi, kipindi kile kila taarifa ya habari ni makombora. Mawakala walikuja na picha za rangi: handaki la familia, watu sita, unakaa humo mwaka mzima. Mama watoto aliguna tu. Ningeusikiliza mguno ule.

Liliposhushwa kwenye Fuso nikakwangua rangi ya kijani kwa ufunguo. Chini yake nyeusi. Simtanki la lita 5,000, ndugu zangu, limetobolewa tundu mbili ubavuni za bomba la hewa! "Chujio la mionzi" nikalifungua kwa bisibisi, nikakuta sponji la godoro lililokatwa kwa kisu, bado lina kipande cha kitambaa cha maua. Mlango ni mfuniko uleule wa simtanki. Mimi na kitambi changu nilisukumwa na wajukuu.

Shimo unachimba mwenyewe. Vijana wawili, siku nne, laki 2. Binti yangu anafundisha fizikia sekondari, akaja kuangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Kinachozuia mionzi ya vumbi la bomu ni uzito, baba, plastiki haina. Udongo ulioshindiliwa, kila sentimita 9 hivi zinapunguza mionzi nusu. Ukifikisha 90 inabaki kama sehemu moja ya elfu. Kumbe kinga yote ilikuwa kwenye shimo la laki 2. Na huo mwaka mzima ni wa nini? Mionzi ya vumbi hilo ikitimiza saa 49 imeshuka hadi kama sehemu moja ya mia ya ile ya saa ya kwanza.

Tukajaribu kulifukia. Toroli ya tatu tu, mgongo ukabonyea.

Januari mvua ikanyesha usiku kucha, shimo likajaa. Asubuhi handaki tulilikuta limeibuka, limelala ubavu kwenye mahindi ya jirani. Nikapiga simu. Kijana akanijibu kwa adabu kabisa: "Waranti ni ya bomu, mzee wangu, si ya mvua."

Sasa hivi liko juu ya mnara wa tofali, linakinga maji ya bati. Yakifika kwenye tundu za bomba la hewa yanamwagika, kwa hiyo lita 5,000 hazijai, ni kama 2,000 tu.